Mguu wa Hafiki

Kwa miaka kumi na tisa rafiki yangu aliendesha gari kila siku ya kazi na hakufika popote. Ndiyo maana aliitwa Hafiki. Jina hilo nilimpa mimi, na nalidai waziwazi, kwa sababu katika kituo kile cha kupima magari sikuachiwa sifa nyingine ya kujivunia.

Kazi yake ilikuwa hivi. Gari linaingizwa katika chumba kisicho na dirisha, linafungwa minyororo mbele na nyuma, na magurudumu yake yanakalishwa juu ya rola za chuma zilizozama sakafuni. Mbele kuna feni kubwa inayopuliza upepo ili injini idhani iko barabarani. Nyuma, bomba la moshi linaunganishwa na mpira mnene unaoleta moshi wote kwenye mashine zangu, nami nimekaa upande wa pili wa kioo nikisoma gari limekunywa mafuta kiasi gani. Dereva anaingia, anafunga mkanda, anawasha. Kando ya dirisha lake inaning'inia skrini yenye mstari unaopanda na kushuka, na huo mstari ndio barabara. Ukipanda, anaongeza mwendo. Ukishuka, anapunguza. Ukilala chini kabisa, basi amesimama kwenye taa nyekundu ambayo haipo. Ni nusu saa nzima, mstari ule ule, mara nne kwa siku, kila mara gari jingine lililolala kituoni likipoa tangu jana. Juu na chini ya mstari kuna mistari miwili myembamba, na hiyo ndiyo ruhusa yake ya kukosea. Akitoka nje ya hapo, jaribio limeharibika na siku ya gari hilo imekwenda bure.

Hafiki hakuharibu majaribio. Kabla ya kuja kwetu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na miaka sita ya kubeba watu waliovunjika nyonga ilimfundisha kukanyaga mafuta kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto. Alikuwa na kiatu cha kazi, kimoja tu, cha mguu wa kulia: raba nyeusi ya turubai iliyolika soli hadi ukaweza kuikunja mkononi. Mguu wa kushoto alivaa kiatu cha ngozi kama watu wengine. Akivuka ua hivyo hivyo kwenda chooni, wageni walidhani ni mtu aliyevaa gizani, na sisi hatukuwasahihisha.

Jioni mke wake alimuuliza, "Leo umefika wapi?" Miaka ya kwanza alimjibu kwa mzaha, akitaja mpakani au baharini. Baadaye akawa anajibu, "Ukutani." Mwishoni hakujibu tena. Alinyoosha mguu juu ya kigoda, na mkewe akaleta kitambaa cha maji ya moto, maana goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Lile goti lilikuwa linashikilia mguu hewani siku nzima ili unyayo uguse kanyagio bila kulikandamiza, na hakuna mtu aliyeumbwa kwa kazi hiyo. Sisi tulimtania kwamba limechoka kwa safari ndefu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha akaja Mhandisi na injini yake.

Alikuwa mwanamke wa umri wa binti mkubwa wa Hafiki, mwembamba, mwenye kuongea haraka, na alikuwa ameshatumia miaka mitano ya maisha yake juu ya injini ya silinda tatu ambayo ungeweza kuibeba kwapani kama ungekuwa na nguvu. Alitueleza mara moja tu, kwa sufuria na watu. Watu watatu wanabeba sufuria ya maji kupanda mlima, wote watatu wanahitajika. Wakifika tambarare, wa tatu anaachia, anatembea mikono mitupu, na hali chakula mpaka mlima urudi. Ndivyo injini ile ilivyokuwa ikifanya. Barabara ikiwa nyepesi, silinda ya tatu inafunga vali zake na kulala, haipewi hata tone la mafuta. Mlima ukija, inaamka, na turbo ndogo inasukuma hewa ili hao watatu wafanye kazi ya wanne.

"Na kumwamsha kunagharimu?" Hafiki alimuuliza.

Mhandisi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kunagharimu, Baba. Kila akiamka anapiga funda."

Kuanzia siku hiyo wakawa baba na mwana. Binti alimletea machungwa. Alimuuliza habari za goti. Na wenye kampuni walikuwa wamempa Mhandisi sharti moja: kabla ya mwisho wa mwaka, injini yake itumie mafuta pungufu kwa asilimia tano kuliko injini ya zamani, la sivyo mradi ufungwe. Mradi ukifungwa, kituo chetu nacho kinafungwa, kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine ya maana. Tulikuwa watu ishirini na watatu. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu, na nakiri kwamba nilianza kuiombea dua injini.

Jaribio la kwanza, Hafiki akiwa kwenye usukani: asilimia tano na nukta nne. La pili: tano na nukta sita. Mhandisi alilia mbele yetu bila kuona haya. Tulikuwa salama, na miezi minne tuliishi hivyo, salama, tukipima na kupima tena, na namba haikushuka.

Ndipo goti likavimba likawa kama papai lililoiva kupita kiasi, na daktari akampa Hafiki wiki tano za kukaa nyumbani. Aliyekalia kiti chake alikuwa dereva wa zamani wa malori, mtu mpole sana kwa maneno, ambaye tulimwita Tani Kumi. Alikuwa na cheti, alijua kufuata mstari, na hakutoka nje ya ruhusa hata mara moja. Asilimia mbili. Kesho yake, moja na nukta nane.

Sasa nisimulie upumbavu wetu, nami nikiwa mstari wa mbele. Tuliifungua injini. Tuliitoa turbo, tukaipeleka kupimwa, ikarudi nzima. Tukang'oa vali, tukazihesabu na kuzikagua kwa miwani. Tukabadilisha plagi, tukabadilisha pampu, tukabadilisha hata mafuta ya kupimia, tukamlaumu aliyeyaleta. Mhandisi alikuwa anakula amesimama, na mikono yake ikanuka dizeli ingawa injini ilikuwa ya petroli, jambo ambalo hadi leo silielewi. Wiki nne nzima, watu wenye shahada na miwani tulitazama kila msumari wa gari lile, na hakuna hata mmoja aliyemtazama dereva. Tulikuwa tumefundishwa hivyo. Mstari ni mstari, na dereva aliye ndani ya ruhusa si kitu, ni sehemu ya kiti.

Nilikwenda kumwona Hafiki nyumbani. Alikuwa sebuleni, goti juu ya mto, mkewe akichambua mchele karibu naye. Nilikuwa nimebeba karatasi za majaribio ya Tani Kumi ili nimlalamikie, kama watu wengine wanavyobeba matunda. Alizitazama kwa muda mrefu. Alipitisha ukucha wake juu ya mstari wa mwendo.

"Anatetemeka," akasema.

"Yuko ndani ya ruhusa."

"Sijasema yuko nje. Nasema anatetemeka." Akairudisha karatasi. Mkewe alinisindikiza mlangoni akinong'ona kwamba halali vizuri.

Aliporudi kazini injini ilikuwa imeshafungwa upya, ikiwa na injekta mpya, kile kichuma kinachonyunyizia petroli ndani ya silinda, kwa kuwa katika kukata tamaa tuliona ile ya zamani ina doa. Hafiki alivaa raba yake, akaingia, akaendesha nusu saa. Nilisoma namba nikapiga kelele. Tano na nukta tano! Watu walikumbatiana. Mhandisi aliichukua injekta yenye doa akaiweka juu ya meza yake kama kichwa cha adui.

Kesho yake asubuhi wakubwa waliita mkutano wa kumpongeza, kituo kizima kikaenda huko. Hafiki akaniomba tubaki tufanye jaribio moja. Nikakubali kwa sababu sipendi hotuba. Akaingia, akaendesha, nami kupitia kioo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mguu wake ulikuwa unachezacheza. Mstari wake kwenye skrini ulikuwa ndani ya ruhusa, lakini ulikuwa unatetemeka kama wa Tani Kumi. Karatasi ikatoka. Mbili na nukta moja.

Alitoka akichechemea, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba.

"Si injekta," akasema. "Ni mimi. Ile silinda nikiisikia inataka kuamka, nainua unyayo kidogo tu, inaendelea kulala. Vilima vidogo vya ule mstari navipita kwa kuvikata juu, ndani ya ruhusa. Sikukusudia. Mguu ulijifunza wenyewe. Injini ya yule mtoto inaokoa mbili. Zilizobaki naokoa mimi."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna mwingine aliyeiona. Nilimwambia nilichofikiri, na nakiandika hapa kama nilivyokisema, nionekane nilivyo.

"Funika kombe mwanaharamu apite. Miezi miwili tu imebaki. Endesha hivyo hivyo, mwaka uishe, wasaini. Hujavunja sheria hata moja."

"Na atakayelinunua gari?"

"Atalinunua. Wewe inakuhusu nini?"

"Atalinunua akiambiwa linaokoa tano. Anao mguu wangu huyo?"

"Watu ishirini na watatu, bwana! Na wewe mmojawapo. Na huyo binti unayemwita mwanao, unataka kumuua?"

Alilikanda goti lake muda mrefu. Feni ilikuwa bado inapuliza ndani ya chumba kitupu kwa sababu nilisahau kuizima.

"Ndugu yangu, mimi nimechoka," akasema. "Goti limechoka, na nilikuwa nadhani hilo linatosha. Sasa unataka nichoke na moyo pia. Nikikaa kimya, nitakaa kwenye kile kiti nikiibembeleza silinda mpaka nife, maana nikishuka tu uongo utaonekana. Naomba hiyo karatasi."

Nikampa. Sikumpa kwa wema. Nilimpa kwa hasira, nikaigonga mezani.

Alikwenda kwa Mhandisi mchana ule ule, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kuhadithiwa. Mhandisi alikuwa bado na furaha ya hotuba usoni. "Baba, karibu, kaa," akasema. Hafiki hakukaa. Aliitazama ile injekta juu ya meza.

"Mwanangu, hicho chuma hakina kosa," akasema, akamwekea karatasi mbele.

Aliposikia yote, yule mwanamke mwenye kuongea haraka aliiondoa ile injekta mezani akaitia kwenye droo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miezi yote hii umekuwa ukinisaidia bila mimi kukuomba."

"Sikujua."

"Umeniua kwa wema, Baba." Akafungua mlango akatuonyesha nje. Korido ile ni ndefu, na Hafiki aliipita akishika ukuta, na mimi sikumpa bega. Nilikuwa bado nina hasira naye, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi katika hadithi hii yote.

Siku mbili Mhandisi hakuonekana. Siku ya tatu alikuja asubuhi na kisanduku cha nyaya, macho yamemvimba, akapiga magoti kwenye mlango wa gari na kuanza kufunga vifaa vya kupimia kwenye kanyagio la mafuta. Alimwita Hafiki. Mimi nilikuwa pale, nikishika tochi.

"Nataka nijue unachofanya," akamwambia. "Kila inchi, kila wakati. Mguu wa Tani Kumi ukitetemeka, kompyuta ya gari inadhani ni mlima, inamwamsha wa tatu. Nikiijua hesabu ya mguu wako, nitaifundisha ingoje kidogo kabla ya kuamini. Mtu akanyage anavyotaka, gari likanyage kama wewe."

"Vizuri," akasema Hafiki.

"Bado sijamaliza." Alisimama, akajifuta mikono. "Wakubwa nimeshawaambia ukweli. Wamenipa mpaka mwisho wa mwaka huu huu, na wamesema hawataamini tena mguu wa mtu. Wameagiza mkono wa mashine wa kuendesha hapa. Nikishindwa, kituo kinafungwa. Nikifaulu, kinabaki, lakini kiti chako hakibaki. Sitaki uje uniambie sikukueleza."

"Umenieleza."

"Kwa hiyo?"

"Nipe kiatu changu," akasema.

Wiki saba aliendesha na zile nyaya. Aliendesha vizuri, akaendesha vibaya kwa makusudi, akaendesha kama kijana mwenye haraka na kama bibi mwenye mayai kitini. Mhandisi alikaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, akimuuliza, "Hapo kwa nini uliinua?" Naye mara nyingi alijibu, "Sijui, rudia," na walirudia. Goti lilijaa maji mara mbili, daktari akalitoa kwa sindano, akamgombeza kama mtoto. Mke wake aliacha kumuuliza amefika wapi. Alinipigia simu mimi, akaniuliza hii kazi itaisha lini, nami nikamwambia itaisha karibuni, shemeji, na sikumwambia inavyoisha.

Zikiwa zimebaki siku tisa mwaka kwisha, walimwita Tani Kumi akae kwenye usukani. Hafiki akakaa kando yangu nyuma ya kioo. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukaa upande huo wakati wa jaribio, akaniuliza vitufe vinafanya nini. Tani Kumi alitetemeka kwenye mstari kama kawaida yake, mguu wake ukipigapiga kanyagio kama mtu anayeua siafu, lakini taa ndogo inayoonyesha silinda ya tatu imelala ilikaa imewaka. Vilima vidogo vikapita, haikuzimika. Hafiki alikuwa ameegemea mbele hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

Tano na nukta moja.

Wenzetu walishangilia tena, safari hii kwa aibu kidogo, kama watu waliowahi kushangilia bure. Mhandisi alikuja moja kwa moja kwa Hafiki akamshika mikono yote miwili. Mkono wa mashine ulifika mwezi uliofuata ndani ya sanduku la mbao, vyuma vitatu na mota, na haukuhitaji kiatu. Hafiki alipewa barua, akapigwa picha na sisi sote mbele ya feni. Katika picha hiyo nusu ya uso wake imefichwa na kofia ya mkubwa fulani. Raba yake aliiacha kwenye kabati, na mimi niliichukua, ipo kwangu mpaka sasa.

Sasa yapata miaka miwili. Mwezi uliopita mkewe alikuwa na mafua, akaniomba nimpeleke mzee kliniki ya goti. Tukaita teksi. Ikaja gari dogo jeupe, jipya, na kabla halijasimama sawasawa Hafiki alikuwa ameshainamisha kichwa akisikiliza. Ilikuwa injini yake. Tukaingia nyuma. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, na alikuwa akikanyaga mafuta kwa pupa, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Gari lenyewe lilikwenda laini.

"Gari zuri hili," nikamwambia, kwa uchokozi. "Nasikia halinywi mafuta."

"Watu wote wanasifu injini," dereva akajibu, akicheka. "Mke wangu naye anasifu injini. Sikilizeni niwaambie siri, wazee wangu. Si injini. Ni mguu."

Nikamgeukia Hafiki. Alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Ati mguu?" nikauliza.

"Mguu! Si kila mtu anao. Mimi ninao tangu zamani, ila magari niliyokuwa napewa yalikuwa hayanielewi." Akakanyaga tena kwa nguvu kuliko hapo mwanzo, kutuonyesha.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia asimamishe gari, ashuke, apite nyuma amsalimie kwa mikono miwili mtu aliyekaa hapa. Hafiki akanishika kifundo cha mkono.

"Ni kweli, bwana," akamwambia dereva. "Ni mguu. Hongera."

Dereva akashukuru, akaongeza sauti ya redio. Nilitazama chini. Juu ya zulia la gari, mguu wa kulia wa Hafiki ulikuwa unainuka kidogo na kushuka, taratibu, kila kilima kidogo cha barabara kilipokaribia. Sijui kama alijua. Tulipofika mlangoni pa kliniki dereva alitufungulia, akatutakia heri, nasi tukakaa kidogo kabla ya kushuka, maana goti lilikuwa limeganda na lilihitaji muda.